Chembe nano za kitosani: tangu 1997 tunaandika makala tu, dawa ya sindano iko wapi?

#1 MwanaMaabara
Wakuu, habari za jioni. Naleta mada iliyoninyima usingizi mwezi mzima.

Nimemaliza shahada ya uzamili. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza chembe nano za kitosani, yaani chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, za kubebea dawa mwilini. Kwa asiyejua, kitosani ni polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, inayotoka kwenye maganda ya kamba na kaa. Unaiyeyusha kwenye asidi ya siki iliyozimuliwa, unaiweka kwenye kikorogeo cha sumaku, halafu unadondosha chumvi iitwayo TPP tone kwa tone. Kuna dakika moja hapo sijawahi kuichoka: maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kufanana na maji ya kuoshea mchele, na ukiyamulika kwa tochi ya simu unauona mwali wa buluu ukipita katikati. Ukiona hivyo ujue chembe zimezaliwa. Zangu zilikuwa na nanomita 150 hivi (milimita moja ni nanomita milioni moja).

Njia hii ilichapishwa 1997 na kundi la María José Alonso, Chuo Kikuu cha Santiago de Compostela, Hispania. Tangu hapo makala zimemiminika kama mvua za masika. Panya wamepona kila ugonjwa. Lakini dawa ya sindano iliyobebwa na chembe za kitosani, iliyopitishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, na kuuzwa, hakuna.

Swali langu kwenu: kinachokwamisha ni nini? Pesa? Sayansi yenyewe? Mamlaka za dawa? Au ni sisi watafiti?

#2 Jicho_la_Mwewe
Nimekaa mkao wa kula. Wajuzi karibuni.

#3 Kipute77
Jibu ni moja tu: makampuni makubwa hayataki. Kamba wapo kwetu, mwani upo kwetu, wakiruhusu dawa ya maganda ya kamba biashara yao inakufa. Ndiyo maana inaishia kwa panya.

#4 MfamasiaNRB
Kipute77, ndugu yangu, hapo umeteleza. Makampuni makubwa yakiona dawa ya nano inaingiza pesa huwa yanainunua mbio.

Chukua Abraxane. Ni paklitakseli, dawa ya saratani ya siku nyingi, iliyofungwa kwenye albumini ya damu ya binadamu. Albumini ni biopolima, yaani polima ya asili, kama kitosani ilivyo, tofauti ni kwamba ile ni protini. Chembe zake zina nanomita 130 hivi. FDA iliipitisha Januari 2005 kwa saratani ya matiti iliyosambaa, ikafuata ya mapafu 2012, na ya kongosho 2013. Aliyeisukuma ni daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, Patrick Soon-Shiong. Mwaka 2010 kampuni yake ilinunuliwa na Celgene kwa dola bilioni 2.9 hivi. Wangekuwa wanaogopa biopolima wasingetoa fedha hizo.

Kwa hiyo swali la MwanaMaabara nalibadilisha kidogo: albumini imepita, kitosani imekwama wapi?

#5 NesiWaZamu
MfamasiaNRB umenigusa. Mimi nimefanya wodi ya saratani miaka saba, sitataja wapi. Naomba niwaeleze kwa nini hiyo dawa ina maana kwetu tunaoishika.

Paklitakseli ya kawaida haiyeyuki kwenye maji. Inaletwa ikiwa imeyeyushwa kwenye kitu kinaitwa Cremophor, kilichotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo. Hicho kiyeyushi ndicho kinacholeta mzio mkali. Kwa hiyo kabla ya dripu mgonjwa anapewa deksamethasoni na dawa za kuzuia mzio. Mpira wa dripu hauwezi kuwa ule wa kawaida, kwa sababu Cremophor inavuta kemikali kutoka kwenye plastiki. Dripu inakwenda saa tatu. Robo saa ya kwanza siondoki kitandani, naangalia uso na kifua tu. Kuna mama mmoja alinishika kiganja matone hayajafika hata ishirini, akasema, "Mwanangu, kifua kinabana." Shingo ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Nikafunga dripu, nikaita daktari, tukamwahi.

Abraxane inaingia kwa dakika 30, haina Cremophor, na kwa kawaida haihitaji zile dawa za kutangulizia. Mtoto wa yule mama aliniletea karatasi aliyochapisha mtandaoni akaniuliza kwa nini mama yake hapewi hiyo. Bei aliyoambiwa ilizidi mshahara wake wa miezi kadhaa. Nilimweleza, lakini nilishindwa kumtazama usoni.

Kwa hiyo mnapojadili "kufika sokoni", jueni kuna soko na kuna kitanda.

#6 Jicho_la_Mwewe
Dada Nesi, asante sana kwa hii. Pole na kazi.

#7 Dogo_Kemia
Mbona chanjo za korona zilikuwa chembe nano na zilitoka ndani ya mwaka? Si polima zile?

#8 MfamasiaNRB
Hapana, dogo. Chanjo za mRNA zimebebwa na mafuta, yaani lipidi, si polima. Na hiyo ya "ndani ya mwaka" inatupoteza. Dawa ya kwanza iliyobebwa na chembe za lipidi za aina hiyo, Onpattro, ilipita Agosti 2018, na nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya kuhangaika. Chanjo zilikuta njia imeshafyekwa.

Lipidi ziliwahi mapema. Doxil, dawa ya saratani ndani ya liposomu, yaani kifuko kidogo cha mafuta, ilipita 1995. Hata huku kwetu liposomu zinaokoa watu: utafiti wa AMBITION uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini ulionyesha dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, dawa ya kuvu, inatosha kwenye tiba ya homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu wa kriptokoka, ikichanganywa na vidonge, na WHO ikaipendekeza 2022. Polima za asili ndizo zimebaki nyuma.

#9 Mzee_wa_Kiwanda
Wanangu, nimekaa idara ya udhibiti ubora kwenye kiwanda cha dawa miaka 19. Mniruhusu niseme kirefu.

Miaka kadhaa nyuma alikuja kijana wa chuo na kichupa cha chembe nano. Kijana safi, anajieleza vizuri, ana picha za darubini nzuri mno. Nikamwuliza: kitosani umenunua wapi? Akataja duka la kemikali. Nikamwuliza: mzigo huu na mzigo wa mwaka jana vinalingana? Akanyamaza.

Kitosani si kitu kimoja. Ganda la kamba lina chokaa, protini na kitini. Unaondoa chokaa kwa asidi, unaondoa protini kwa kostiki, yaani magadi makali, kisha unachemsha kitini kwenye kostiki kali sana ili kung'oa vikundi vya asetili, ndipo unapata kitosani. Ukichemsha saa moja zaidi, minyororo inakatika. Ukipunguza joto, asetili zinabaki nyingi. Kamba wa msimu huu hawalingani na wa msimu ujao, na ganda la kaa ni habari nyingine kabisa. Urefu wa mnyororo ukibadilika, ukubwa wa chembe unabadilika, na dawa inatoka kwa mwendo mwingine. Kwenye makala ya sayansi unaandika "kitosani ya uzito wa kati" na mhariri anaridhika. Kwangu mimi hiyo ni sawa na kuniambia "nimeweka unga kiasi".

Nikaendelea. Utaitakasa vipi? Joto la nyuzi 121 litaiharibu. Mionzi ya gama inakata minyororo. Ukipitisha kwenye kichujio cha maikromita 0.22, kitosani nzito inaziba. Sumu za bakteria utazipimaje, maana kitosani ina chaji chanya na zile sumu zina chaji hasi, zinakumbatiana, na kipimo chenyewe kinadanganyika. Ukiweka chumba cha nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi sita, zitabaki nanomita 150 au zitashikana?

Akaniambia, "Mzee, mimi nina mililita 50 tu." Sikumcheka. Nilimpa chai, tukazungumza hadi saa kumi na moja. Lakini niliona mlima alioachiwa aupande peke yake.

#10 Kipute77
Mzee hapo kwenye unga kiasi umenimaliza 😂 Sawa, nimesogea kidogo kwenye msimamo wangu, ila sijahama.

#11 MwanaMaabara
Mzee wangu, shikamoo. Kila swali ulilomwuliza yule kijana ungeniuliza mimi ningenyamaza vilevile.

Yangu ni hii. Kwenye bika ya mililita 100 nilirudia mara kumi na mbili, chembe zikatoka vizuri kila mara. Msimamizi akasema tujaribu lita tano. Nikatumia ndoo ya chuma na mota ya kukorogea. Nikadondosha TPP kama kawaida, ule mwali wa buluu nikauona kwa sekunde chache, kisha vikatokea vipande vyeupe, vikaanza kushuka chini. Mtindi mtupu. Nilikaa chini pale maabara. Kitosani ya miezi mitatu ilikuwa imekwenda.

#12 Dogo_Kemia
Pole dada. Hilo ni suala la mchanganyiko. Kwenye bika ndogo tone linatawanyika kabla halijamaliza kazi. Kwenye ndoo, pale tone linapoangukia TPP inakuwa kali mno na pembeni haipo kabisa. Chembe zinashikana pale pale.

Dawa yake ni kutokuza chombo. Unapitisha vimiminika viwili kwenye mirija myembamba vikutane kwa kasi ileile muda wote. Ukitaka nyingi, unaacha pampu ifanye kazi siku nzima au unaongeza mirija. Chanjo za mRNA zilitumia wazo hilo hilo la kukutanisha mikondo.

#13 Mzee_wa_Kiwanda
Dogo umesema vyema. Ongeza kwamba pampu hiyo lazima iwe na karatasi zake, iwe imepimwa, na mtu wa zamu ajue afanye nini umeme ukikatika katikati ya mzigo.

#14 PajePwani
Assalaam alaykum jamaa. Mie mtoto wa Unguja, mama yangu analima mwani tangu mimi sijazaliwa. Nasikia mwani unatoa alginati, na alginati inatengeneza hizo chembe bila ya kamba wala kaa. Sie tunao tele, tunauza mkavu kwa kilo, unakwenda zake nje. Kwa nini tusifanye sie wenyewe?

#15 Mtanganyika_Pretoria
Wa alaykum salaam PajePwani. Marekebisho madogo. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba, ule spinosamu na kotonii, ni mwani mwekundu, unatoa karagenani. Alginati inatoka kwenye mwani wa kahawia. Sagasamu inaota yenyewe pwani yetu, lakini sio ile akina mama wanayofunga kwenye kamba na vigingi.

Karagenani nayo imejaribiwa kubebea dawa, kwa hiyo wazo lako halijafa. Ila ina shida zilezile za Mzee: msimu, joto la maji, aina ya mwani. Vilevile wanasayansi hutumia karagenani kuvimbisha miguu ya panya ili wapime dawa za uvimbe. Kitu kinacholeta uvimbe kukiingiza kwenye mshipa wa mtu, utaulizwa maswali mengi.

#16 PajePwani
Ahsante kwa kunisahihisha. Kotonii yenyewe siku hizi inakufa maji yakipata moto, mama kabaki na spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Nilidhani kuna dawa ndani mwake. Basi wenzangu endeleeni, nasoma.

#17 Jicho_la_Mwewe
Swali la mtu wa kawaida: mimi nikila kamba navimba midomo. Hizo chembe si zitaniua?

#18 MfamasiaNRB
Swali zuri. Mzio wa kamba mara nyingi unatokana na protini ya nyama yake, tropomayosini. Kitosani iliyosafishwa sawasawa protini imeondolewa. Lakini neno zito ni "sawasawa", na ndiyo maana cheti cha mzigo kinadaiwa. Ipo pia kitosani ya uyoga kwa wanaotaka kulikwepa swali hilo kabisa.

#19 PajePwani
Na jelatini? Nasikia nayo hutengenezewa chembe. Ikiwa ya nguruwe, huku kwetu hamtuuzii hata bure.

#20 Dogo_Kemia
Ipo ya ng'ombe na ya samaki. Chembe nano za jelatini zilianza miaka ya 1970, zimetangulia hata hizi za kitosani.

#21 Kipute77
Na hiyo albumini ni damu ya watu? Kwa hiyo mtu anachangia damu, inakuwa dawa ya mabilioni? Mimi nilipewa soda na biskuti.

#22 NesiWaZamu
Kipute soda ulipewa ili usianguke 😂 Changia tu, wodini kwangu damu haijawahi kutosha. Turudi kwenye mada.

#23 Mtanganyika_Pretoria
Turudi. Nataka kupingana na wengi humu. Mnaongea kana kwamba kiwanda ndicho kikwazo. Mimi naona mwili ndio kikwazo.

Kitosani inayeyuka kwenye asidi nyepesi, chini ya pH (kipimo cha ukali wa asidi) 6.5 hivi. Damu ina pH 7.4. Ukiidunga, chembe zinapoteza chaji, zinashikana, na zinanasa protini za damu. Zaidi ya hapo, kitosani inagandisha damu. Jeshi la Marekani lilibeba bandeji za kitosani za HemCon vitani Iraq na Afghanistan, zilizoidhinishwa na FDA tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu hiyohiyo ya kuzuia damu isitoke. Tabia inayomwokoa askari jeraha likiwa nje ndiyo inayokuogopesha ukiitia ndani ya mshipa.

Halafu hata chembe iliyo salama inapita wapi? Ini na wengu vinaidaka. Kundi la Warren Chan wa Toronto lilichapisha 2016 uchambuzi wa tafiti za miaka kumi: kati ya chembe zote zilizodungwa wanyama, zilizofika kwenye uvimbe wa saratani ni asilimia 0.7, kwa kipimo cha kati. Chini ya moja kwa mia. Ile hadithi ya kwamba mishipa ya saratani inavuja na chembe zinaingia zenyewe, iliyoanzia kwa Matsumura na Maeda mwaka 1986, kwa panya inakubali. Uvimbe wa panya unakua haraka, unavuja. Wa binadamu umekaa miaka, kila mmoja na tabia yake.

#24 MfamasiaNRB
Hiyo 0.7 usiiache hivyo, mkuu. Mwaka 2020 watafiti wengine walirudia hesabu kwa vipimo vya kawaida vya famakolojia, vinavyoangalia dawa ilivyokaa kwenye uvimbe na kwenye damu kwa muda wote, wakapata picha nzuri zaidi. Hata dawa isiyo na chembe hufika kidogo tu kwenye uvimbe. Ugomvi wao haujaisha.

Lakini unaunga mkono kitu nilichotaka kusema. Abraxane haikushinda kwa sababu ya kulenga saratani. Ikishaingia kwenye damu, chembe zinavunjika upesi na kubaki albumini na dawa. Ilichofanya ni kuondoa Cremophor, ile sumu aliyoieleza Nesi, na kwa hiyo madaktari wakaweza kutoa dozi kubwa zaidi: miligramu 260 badala ya 175 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Kwenye utafiti uliochapishwa 2005, uvimbe ulisinyaa kwa wagonjwa 33 katika kila 100, dhidi ya 19 wa dawa ya zamani. Na kwa kuwa paklitakseli ilikuwa inajulikana, waliruhusiwa kuegemea taarifa za zamani za usalama. Hawakuanza sifuri.

Walitatua shida moja ndogo iliyokuwa inaonekana kwa macho, wakapita.

#25 NesiWaZamu
Naunga mkono #24. Mgonjwa hajali nanomita. Anajali kifua kisibane.

#26 HatazaTu
Nimesoma yote. Hakuna aliyegusa karatasi. Mimi nashughulika na hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi.

Mtafiti akigundua, anakimbilia kuchapisha kwa sababu anapandishwa cheo kwa makala. Siku makala ikitoka, Ulaya hapati tena hataza, upya umekufa. Marekani wanatoa mwaka mmoja wa msamaha, basi. Bila hataza hakuna mwekezaji atakayeweka fedha za majaribio ya binadamu, kwa sababu jirani ataiga bure. Nimepokea wateja watatu wenye kazi nzuri sana, na wote walikuwa wameshasimama kwenye mkutano wakaonyesha kila kitu kwenye slaidi.

MwanaMaabara, naomba uniambie: tasnifu yako imeshawekwa kwenye tovuti ya chuo?

#27 MwanaMaabara
Imewekwa tangu mwaka jana.

#28 HatazaTu
Pole. Zungumza nami faragha, pengine uboreshaji wa hatua za mbele bado unalindika.

#29 Kipute77
Ahaa! Kwa hiyo nilisema pesa, mkanirukia. Sasa HatazaTu anasema pesa.

#30 MfamasiaNRB
Pesa zikiwepo pia si tiketi. Kampuni ya BIND Therapeutics ilikuwa na Robert Langer wa MIT na Omid Farokhzad, majina makubwa kuliko yote kwenye fani hii. Chembe zao zilibeba dosetakseli, dawa ya saratani, kwenye polima, zikiwa na kilengeo juu yake cha kuzielekeza kwenye saratani. Waliingia soko la hisa 2013. Mwaka 2016 matokeo ya saratani mbili walizozijaribu yakawa hafifu, mkopeshaji akadai chake, kampuni ikaomba ulinzi wa muflisi. Pfizer ikachukua mali zake kwa dola milioni 40 hivi. Fedha zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, kiwanda cha majaribio kilikuwepo.

#31 Kipute77
Milioni 40 kwa Pfizer ni bei ya chenji. Walisubiri ianguke wakaokota. Hapo hamnibadilishi.

#32 Mzee_wa_Kiwanda
Kiwanda nacho kisidharauliwe. Doxil ilikuwa sokoni tangu 1995, inajulikana, inafanya kazi. Mwaka 2011 kiwanda kimoja Ohio kilisimamisha uzalishaji na dawa ikaadimika Marekani nzima. FDA ikalazimika 2012 kuruhusu mbadala kutoka India. Mshindani wa kwanza wa bei nafuu alipata kibali 2013, miaka 18 baada ya dawa kuanza. Kuiga kidonge ni jambo la kawaida. Kuiga chembe ni lazima uthibitishe ukubwa, umbo, dawa inavyotoka, kila kitu. Ndiyo maana mtoto wa yule mama wa Nesi aliambiwa bei ile.

#33 Jicho_la_Mwewe
Na mamlaka zetu za dawa, TMDA ya Tanzania na wengine? Wanaweza hata kuzisoma hizo faili?

#34 MfamasiaNRB
Tuwatendee haki. TMDA ilifikia daraja la tatu la WHO la ukomavu wa mamlaka za dawa Desemba 2018, ya kwanza Afrika. FDA yenyewe ilitoa mwongozo wake wa mwisho wa dawa zenye vitu vya nano Aprili 2022, juzi tu. Na sasa kuna Wakala wa Dawa wa Afrika pale Kigali, mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021. Huwezi kulaumu mlango ambao hujaubisha hodi.

#35 Mzee_wa_Kiwanda
Nakubali nusu. Mkaguzi asiyewahi kuona faili la nano ataomba kila kipimo, hata visivyohusu. Na kila kipimo ni miezi.

#36 Mtanganyika_Pretoria
Mimi nadhani tumejifunga kwenye sindano na saratani kwa sababu ndiko Marekani walikoelekea. Kwetu kuna kifua kikuu. Miezi sita ya vidonge kila siku. Profesa Hulda Swai, Mtanzania, akiwa CSIR, taasisi ya utafiti huku Pretoria, aliongoza kazi ya kufungia dawa za kifua kikuu kwenye chembe za PLGA ili zitoke polepole na mgonjwa ameze mara chache. Baadaye akarudi Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, kuendeleza tiba nano hapo nyumbani.

PLGA si polima ya asili, inatengenezwa kiwandani, lakini mwilini inavunjika kuwa asidi ya laktiki na ya glaikoliki. Na ina faida moja kubwa: imeshazoeleka. Lupron Depot, sindano ya kutoa dawa taratibu, ilipita nayo 1989. Kitosani haina historia hiyo kwenye sindano. Basi kwa nini tusiiachie kitosani njia zake: mdomo, pua, jicho, ngozi? Inanata kwenye utando laini kuliko polima nyingi. Tunailazimisha mshipa ambao haiutaki.

#37 SautiYaMsela
Mimi si mtaalamu, nimekuwa msomaji tu, ila #36 kanitoa kimya. Niliugua TB. Mwezi wa kwanza unameza kwa woga, mwezi wa tatu umepona machoni, unanenepa, unasahau. Nilikuwa naweka vidonge kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati. Siku moja nikavihesabu nikakuta vya siku tisa zaidi ya inavyotakiwa. Siku tisa sikumeza na sikujua. Dada wa kliniki aliponipigia nilimdanganya.

Ingekuwa kidonge cha kila Jumapili ningekikumbuka. Nauliza kwa heshima: imefika wapi?

#38 Mtanganyika_Pretoria
Asante kwa kusema hadharani, ndugu. Dukani haijafika. Rifampisini, dawa kuu ya TB, ni ya bei ya chini. Ukiifunga kwenye chembe bei inapanda, na mnunuzi mkuu wa dawa za TB ni serikali na wafadhili, wanaolinganisha bei ya kidonge kwa kidonge. Siku tisa za kopo lako hazimo kwenye lahajedwali lao, wala gharama ya usugu unaozaliwa humo.

#39 HatazaTu
Na hapo ndipo tunaporudi: nani analipia majaribio kama mnunuzi anataka bei ya chini?

#40 Dogo_Kemia
Kwangu mimi bado ni malighafi. Kila kundi linaanza na kitosani yake, hakuna anayeweza kurudia kazi ya mwenzake. Tungekuwa na kitosani moja ya Afrika Mashariki, imepimwa, ina cheti, kila maabara inaitumia hiyohiyo, nusu ya maswali ya Mzee yangejibika.

#41 Mzee_wa_Kiwanda
Robo, mwanangu. Lakini ni robo ya kuanzia.

#42 Mtanganyika_Pretoria
Cheti hakibadilishi pH ya damu. Nawapenda lakini nakataa.

#43 MwanaMaabara
Nimesoma kila post, asanteni. Nilikuja na swali moja naondoka na matano. Nimeandika upya pendekezo langu: nimeacha sindano, najaribu dawa ya jicho. Na kabla ya chembe yoyote, nataka kwanza kupima kitosani ya maganda ya misimu tofauti, niione kwa namba inavyobadilika. Msimamizi ameniambia hiyo si kazi ya kuchapika. Nimemwambia nitaifanya hata hivyo.

Kuna mtu anaweza kunipatia maganda?

#44 PajePwani
Mjomba wangu ananunua kamba Rufiji kwa wavuvi, anapeleka Dar. Maganda na vichwa vinatupwa. Wataka kiasi gani?

#45 MwanaMaabara
Kilo tano kila mwezi, kwa mwaka mzima. Nitalipia usafiri. Yaoshwe kwa maji baridi, yasichemshwe, yaanikwe kivulini. Na kila mfuko uandikwe tarehe ya kuvuliwa na mahali, kwa kalamu isiyofutika.

#46 Mzee_wa_Kiwanda
Na aina ya kamba. Usisahau aina.

#47 PajePwani
Keshanambia wapo aina mbili, wakubwa na wadogo, atatenga. Mfuko wa kwanza Alkhamisi inshallah.